Kukutana kwa Mafuta na Hewa katika Injini ya Dizeli

Mtu asimamaye kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, mathalani pale Bunju au Mapinga, huona malori mengi yakipita yakiwa yamebeba mchanga, kokoto na saruji. Baadhi yake hupanda mwinuko bila kuacha alama yoyote hewani. Mengine huacha nyuma wingu jeusi linalowafunika waendao kwa miguu na watoto watokao shuleni. Ndivyo ilivyo pia katika pwani ya mji wa Bagamoyo: jahazi moja lenye injini huondoka kuelekea Unguja likitoa moshi mwepesi usioonekana, na jingine hulitia masizi tanga lake lenyewe. Huenda injini hizo zikawa za aina moja, mzigo ukawa ule ule, na mafuta yakawa yamenunuliwa katika kituo kimoja. Tofauti imetoka wapi?

Jibu limo katika namna mafuta yanavyokutana na hewa ndani ya silinda. Kukutana huko hutukia katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ndiko kunakoamua nguvu ya injini, gharama ya uendeshaji wake na usafi wa moshi wake. Jambo hili si la mafundi peke yao. Mafuta yote ya petroli na dizeli yatumikayo Tanzania hununuliwa kutoka nchi za nje, na mvuvi, msagaji wa nafaka na mwenye lori hulipa kwa jasho lao kila lita wanayoitumia. Isitoshe, mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo inafaa kila mwanafunzi wa sayansi afahamu moshi huo huzaliwa vipi.

Moto usiohitaji cheche

Katika injini ya petroli ya kawaida, mafuta na hewa huchanganyika kabla ya kuwashwa, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huwaka. Injini ya dizeli haina plagi ya namna hiyo. Pistoni inaposhuka huvuta hewa tupu. Inapopanda huigandamiza hewa hiyo mpaka iwe na joto kali. Karibu na mwisho wa safari ya pistoni, mafuta hupulizwa ndani kwa nguvu kupitia nozeli, nayo huwaka yenyewe kwa kuigusa hewa iliyopata moto.

Msomaji aliyewahi kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hupata joto. Sehemu ya joto hilo hutokana na msuguano, lakini sehemu kubwa hutokana na kugandamizwa kwa hewa. Katika injini ya dizeli jambo hilo hufanyika kwa ukali zaidi. Tuchukue injini inayoigandamiza hewa mpaka ujazo wake uwe sehemu moja ya 18 ya ujazo wa awali. Kama halijoto isingebadilika, kanuni ya Boyle ingetuambia kwamba kanieneo ingeongezeka mara 18. Lakini vipimo huonyesha kwamba kanieneo hufikia kama mara 48, kwa sababu hewa imepata joto. Tukitumia kanuni ya jumla ya gesi, na tukianza na hewa ya pwani yenye nyuzi 30 za Selsiasi, yaani 303 za Kelvin, tunapata:

303 × 48 ÷ 18 = 808 za Kelvin, yaani nyuzi 535 za Selsiasi.

Halijoto hiyo yatosha kabisa kuyawasha mafuta ya dizeli. Ndiyo maana injini iliyochakaa, ambayo hewa yake huvuja kandokando ya pistoni, huwa vigumu kuwaka asubuhi: mgandamizo umepungua, na pamoja nao joto.

Aliyeibuni njia hii ni mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini yake iliyofaulu ilipimwa mjini Augsburg mwaka 1897, ikaonekana kwamba iligeuza kiasi cha asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, hali injini nyingi za mvuke za wakati ule zilipoteza sehemu tisa katika kila kumi. Hata hivyo tatizo kubwa la Diesel halikuwa kupata joto. Tatizo lilikuwa kuyaingiza mafuta na kuyatawanya. Alilazimika kuyapuliza kwa hewa iliyoshindiliwa na mtambo mwingine mzito, na kwa hiyo injini zake za kwanza zilifaa viwandani na melini tu. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo za kusukuma mafuta peke yake kwa kanieneo kubwa, ndipo injini ya dizeli ilipoweza kukaa chini ya boneti ya lori. Historia yenyewe, basi, inatuonyesha kwamba maendeleo ya injini hii ni maendeleo ya njia za kuchanganya mafuta na hewa.

Hewa inayohitajika

Dizeli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi. Kwa hesabu za darasani tunaweza kuuwakilisha kwa fomula C₁₂H₂₃. Ili mafuta hayo yaungue yote na kuacha kabonidioksidi na maji tu, kila kilo moja huhitaji oksijeni iliyomo katika kilo 14.6 hivi za hewa. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waweza kulihakikisha jambo hili wenyewe kwa kusawazisha mlinganyo wa mwako, wakikumbuka kwamba oksijeni ni kama asilimia 23 ya hewa kwa uzito.

Hesabu hiyo ikigeuzwa kuwa ujazo hustaajabisha. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kilo 0.84 hivi, kwa hiyo huhitaji kilo 12 za hewa na zaidi. Kwa hali ya hewa ya Bagamoyo, uzito huo ni zaidi ya lita 10,000 za hewa, yaani hewa yote iliyomo katika chumba cha meta 2 kwa meta 2 chenye kimo cha meta 2.6. Mwenye jahazi anayejaza tangi la lita 100 hana budi kukumbuka kwamba injini yake itavuta vyumba 100 vya namna hiyo. Hayo ni mahitaji ya chini kabisa. Kwa kweli injini ya dizeli huhitaji hewa zaidi, kwa sababu tutakazoziona sasa.

Taa tatu, mafuta yale yale

Kabla ya kuingia ndani ya silinda, tuangalie jambo lililo wazi katika nyumba zetu. Kibatari, taa ya chemli na karabai zote hutumia mafuta ya taa, lakini miali yake haifanani.

Kibatari huwa na utambi ulio wazi. Mvuke wa mafuta hupanda kutoka utambini, na hewa huufikia kutoka pembeni tu. Katikati ya mwali mna joto kali lakini hamna oksijeni ya kutosha. Hapo molekuli za mafuta huvunjika, na kaboni hujikusanya kuwa chembe ndogo sana. Chembe hizo zikiwa na moto hung'aa kwa rangi ya manjano, na zikifaulu kutoka nje ya mwali kabla ya kuungua, huwa masizi yanayotia weusi dari na pua za wanaolala chumbani.

Taa ya chemli ina kioo. Kioo hicho hufanya kazi ya dohani: hewa yenye moto hupanda juu, na hewa mpya huvutwa kwa kasi kutoka chini na kuuzunguka mwali. Hewa ikiwafikia mafuta vizuri zaidi, masizi hupungua sana. Lakini utambi ukipandishwa mno, kioo huwa cheusi mara moja, kwani mafuta yamezidi hewa.

Katika karabai, ambayo wavuvi wengi wa pwani waliitumia usiku kuvutia dagaa, mafuta husukumwa kwa pampu, hugeuzwa kuwa mvuke katika bomba lenye moto, na huchanganyika na hewa kabla ya kuwaka. Mwali wake ni wa buluu usio na masizi, na mwanga mkali hutoka kwenye kifuko cheupe kinachopashwa moto nao.

Mafuta ni yale yale, hewa ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali na wakati wa kuchanganyika. Injini ya petroli hufanana na karabai: mchanganyiko hutangulia, mwako hufuata. Injini ya dizeli, kwa sehemu kubwa ya mwako wake, hufanana na kibatari na chemli: mafuta huungua huku yangali yakiitafuta hewa. Hapa ndipo penye shida yake.

Tone moja na muda wake

Tuchukue injini ya lori ambayo kila silinda yake ina ujazo wa lita moja. Kila inapovuta pumzi hupata kama gramu moja ya hewa. Mafuta yanayoweza kuungua vema katika hewa hiyo, tukiacha ziada kidogo, ni kama gramu 0.05. Huo ni ujazo wa milimeta za ujazo 60, yaani tone moja kubwa tu. Kazi iliyopo ni kulitawanya tone hilo katika lita nzima ya hewa iliyogandamizwa, ili kila sehemu yake ipate oksijeni.

Muda uliopo ni mdogo sana. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 40, yaani sehemu 40 katika 1,000 za sekunde. Mafuta hupulizwa wakati krenki ikipita nyuzi 20 hivi, na muda huo ni kama milisekunde 2 tu. Linganisha na injini za mwendo wa taratibu za aina ya Lister, zilizobuniwa Dursley, Uingereza, zikaigwa kwa wingi mjini Rajkot, India, ambazo zimesaga nafaka katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Hizo huzunguka mara 650 hivi kwa dakika, kwa hiyo nyuzi 20 huchukua milisekunde 5. Kwa upande mwingine, injini ndogo ya gari izungukayo mara 4,000 kwa dakika haipati hata milisekunde moja. Kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo mafuta yanavyopungukiwa na wakati wa kuitafuta hewa.

Dawa ya kwanza ni kulivunja tone. Kama tone letu la milimeta za ujazo 60 lingekuwa duara moja, kipenyo chake kingekuwa karibu milimeta 5, na eneo la uso wake lingekuwa kama la ukucha wa kidole. Nozeli nzuri hulivunja kuwa vitone vyenye kipenyo cha milimeta 0.02 hivi. Idadi ya vitone hivyo ni zaidi ya milioni 14, na jumla ya nyuso zake ni kama sentimeta za mraba 180, yaani zaidi ya nusu ya ukurasa wa daftari. Eneo limeongezeka zaidi ya mara 240, na mafuta hugeuka mvuke kutoka kwenye uso. Kwa hiyo kitone kidogo hukauka na kuchanganyika upesi, bali tone kubwa huendelea kuwa maji wakati pistoni imekwisha anza kushuka.

Ili kufanikisha uvunjaji huo, pampu za injini za zamani huyasukuma mafuta mpaka nozeli ifunguke kwa kanieneo ya mara 200 hivi ya ile ya hewa ya kawaida. Mafuta hutoka katika vitundu vyenye upana wa sehemu chache za kumi za milimeta, kwa mwendo wa karibu meta 200 kwa sekunde. Injini mpya zinazotawaliwa kwa vifaa vya elektroniki hutumia kanieneo ya mara 1,000 hadi 2,000 na zaidi.

Hata hivyo vitone vidogo mno havitoshelezi peke yake. Mkulima apulizaye dawa mashambani anajua kwamba ukungu mwepesi haufiki mbali: hukwama karibu na mdomo wa bomba. Mafuta yakikwama karibu na nozeli, huko huzidi hewa, huku pembeni hewa ikibaki bila kutumika. Yakienda mbali mno kwa matone makubwa, hugonga ukuta wa silinda na kichwa cha pistoni, hulowesha mahali palipo baridi, na huharibu mafuta ya kulainishia. Mbunifu hutafuta njia ya katikati.

Hatua za mwako

Mafuta hayawaki mara yanapoingia. Kwanza kuna kipindi cha kusubiri, kisichozidi sana milisekunde moja, ambapo vitone hupata joto, hugeuka mvuke, huchanganyika na hewa na kuanza kubadilika kikemia. Mafuta yanayowaka kwa urahisi hukifupisha kipindi hiki. Sifa hiyo hupimwa kwa namba ya seteni, na kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo kusubiri kunavyopungua.

Hatua ya pili ni mwako wa ghafula. Mafuta yote yaliyokwisha kuchanganyika wakati wa kusubiri huwaka karibu kwa pamoja, na kanieneo hupanda kwa kishindo. Mgongo mkavu unaosikika katika injini ya dizeli ni sauti ya hatua hii. Kama kusubiri kulikuwa kurefu, mafuta mengi yamelimbikizana, na kishindo huwa kikubwa kiasi cha kuumiza pistoni na beringi. Ndiyo maana petroli haifai kutiwa katika injini ya dizeli: petroli hukawia kujiwasha.

Hatua ya tatu ndiyo ndefu na ndiyo kiini cha makala haya. Sasa ndani mna moto mkali, na mafuta yanayoendelea kuingia hayana tena haja ya kusubiri. Kasi ya kuungua kwake huwekewa mpaka na kitu kimoja tu, nacho ni kasi ya kuipata hewa. Kuongeza mafuta katika hatua hii bila kuboresha mchanganyiko huongeza mwali wa kibatari, haiongezi nguvu kwa kiasi kile kile.

Hatua ya nne ni ya masalio: mafuta na masizi yaliyochelewa huungua wakati pistoni ikishuka na gesi ikipoa. Yakikosa oksijeni au joto hapo, hutoka nje kupitia bomba la moshi.

Masizi hutoka wapi?

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba ndani ya mruko wa mafuta mna matone yanayowaka moja moja. Mwaka 1997 mtafiti John Dec wa maabara ya Sandia nchini Marekani alitoa maelezo mapya, baada ya kuchunguza injini yenye madirisha ya kioo kwa kutumia miali ya leza. Ilionekana kwamba mafuta hugeuka mvuke yote umbali mfupi tu kutoka kwenye nozeli, na kwamba mvuke huo huanza kuwaka ukiwa na hewa chache sana, kama robo ya inayohitajika au zaidi kidogo. Mwako huo wa kwanza huacha gesi zenye moto zilizopungukiwa na oksijeni, na humo masizi huanza kuundwa. Nje yake, kama ganda linalofunika yai, mna mwali mwembamba ambapo gesi hizo hukutana na hewa mpya na kuungua kabisa.

Maelezo hayo yanatufundisha mambo mawili. Kwanza, karibu kila injini ya dizeli hutengeneza masizi ndani yake, hata ile isiyotoa moshi. Injini nzuri huyaunguza masizi hayo karibu yote kabla valvu ya kutolea haijafunguka. Pili, masizi yanayoonekana ni sehemu ndogo tu ya mafuta kwa uzito. Asidhani mtu kwamba wingu jeusi ni nusu ya tangi lake likienda angani. Lakini wingu hilo ni dalili kwamba mafuta mengi yameungua kwa kuchelewa, joto lake likapasha bomba la moshi badala ya kuisukuma pistoni. Hasara ya kweli imefichika nyuma ya ile inayoonekana.

Kwenye ganda la nje tatizo jingine huzaliwa. Pale ambapo mafuta na hewa vimelingana barabara, halijoto hupita nyuzi 1,900, na naitrojeni ya hewa, ambayo kwa kawaida haishughuliki, huungana na oksijeni kuwa oksidi za naitrojeni zinazodhuru mapafu. Hivyo mbunifu hukabiliwa na mtihani mgumu: njia nyingi za kupunguza masizi kwa kuongeza joto huongeza oksidi hizo, na kinyume chake. Magari mapya hutumia vichujio vya masizi na vifaa vya kikemia kwenye bomba la moshi, lakini vingi vya vifaa hivyo huharibiwa na salfa iliyomo katika mafuta. Kwa sababu hiyo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoamua kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, ilifungua mlango wa teknolojia hiyo.

Hewa izungukayo

Ikiwa mafuta hayawezi kuifuata hewa yote, hewa na iyafuate mafuta. Njia ya kuiingizia hewa hupindwa ili iingie ikizunguka kama kisulisuli, na kichwa cha pistoni huchimbwa kama bakuli. Pistoni inapofika juu, hewa hukusanywa ndani ya bakuli hilo, na mzunguko wake huongezeka kasi. Kila mruko wa mafuta hupeperushwa kuelekea hewa mpya.

Kwa injini ndogo za mwendo wa kasi, Mwingereza Harry Ricardo alibuni chumba kidogo cha pembeni kilichoitwa Comet, ambacho mwaka 1931 kilianza kutumika katika mabasi ya London. Hewa ilisukumwa ndani ya chumba hicho kupitia tundu jembamba na kuzunguka kwa kasi kubwa, hata nozeli isiyo bora sana iliweza kutoa mchanganyiko mzuri. Pikapu nyingi za zamani zenye injini za dizeli zilitumia mpango wa namna hiyo. Gharama yake ni kwamba joto jingi hupotelea katika kuta za chumba, na kwa hiyo injini za leo nyingi zimerudia kupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwa kanieneo kubwa zaidi.

Kutoka pwani hadi nyanda za juu

Pwani ya Bagamoyo ni mahali pazuri kwa pumzi ya injini, kwa kuwa hewa ya usawa wa bahari ni nzito. Lori litokalo huko, likapita Chalinze, likapanda mlima Kitonga na kufika Mbeya, penye kimo cha meta 1,700 hivi, hukuta kanieneo ya hewa imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya sita. Ubaridi wa huko hurudisha uzito kidogo, lakini silinda bado hupata hewa pungufu. Kama pampu inaendelea kutoa mafuta kwa kipimo cha pwani, moshi mweusi hautakawia. Malori mengi ya leo yana tabochaja, yaani feni iendeshwayo na gesi za moshi ili kuishindilia hewa silindani, na kwa hiyo hayasumbuliwi sana na mwinuko.

Pwani nayo ina mitego yake. Injini ya jahazi mara nyingi hufichwa chini ya sitaha, ndani ya chumba chenye joto. Hewa ya nyuzi 45 ni nyepesi kuliko ile ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 5. Tena mifuniko ikifungwa yote kwa kuhofia mawimbi, injini hupungukiwa na pumzi. Kwa fundi wa vyombo vya baharini, somo la njia za hewa ni muhimu kama lilivyo somo la pampu.

Mafuta mazito na mafuta mepesi

Katika maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900, injini moja ya aina ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Wakazi wa pwani yenye minazi wana haki ya kuuliza: kwa nini tusitumie mafuta ya nazi? Shida haiko kwenye joto lake, iko kwenye mnato. Mafuta ya mimea yana mnato wa karibu mara kumi ya ule wa dizeli, hivyo nozeli huyatoa kwa matone makubwa yasiyokauka upesi, na kaboni hujishika kwenye vitundu. Kila mama wa pwani pia ameona jinsi mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi za Julai, upepo wa kusi unapovuma, kwani huanza kuganda chini ya nyuzi 25 hivi. Dawa ya kikemia ipo: mafuta yakiunganishwa na methanoli huwa esta nyepesi, ambazo mnato wake hukaribia ule wa dizeli. Hizo ndizo huitwa dizeli ya mimea.

Upande wa pili ni mafuta ya taa. Wachuuzi wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli yalipokuwa rahisi, hata mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wake ili kukomesha biashara hiyo. Mafuta ya taa ni membamba mno: hayailainishi pampu, nayo huchakaa. Pampu iliyochakaa haiwezi tena kuyavunja mafuta vizuri, hata yakiwa dizeli safi.

Yatupasayo kufanya

Kutokana na maelezo haya tunaweza kusoma dalili za injini. Moshi mweusi huonyesha mafuta yaliyokosa hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli inatiririsha badala ya kupuliza, mzigo umezidi, au pampu imefunguliwa kupita kipimo na fundi aliyetaka nguvu ya haraka. Moshi mweupe injini ikiwa baridi ni mvuke wa mafuta yasiyowaka, na ukiendelea huonyesha mgandamizo dhaifu, wakati wa kupuliza uliokosewa, au maji yaingiayo silindani. Moshi wa buluu ni wa mafuta ya kulainishia yanayoungua. Kusafisha chujio, kuyaacha mafuta yatuame, kuyatenga na maji na kupimisha nozeli kwa wakati ni kazi za bei ndogo zikilinganishwa na lita zinazopotea kila siku.

Walimu waweza kufanya majaribio matatu. La kwanza ni kushika kipande cha sahani nyeupe juu ya mwali wa kibatari na juu ya kioo cha chemli kwa muda ule ule, kisha kulinganisha masizi. La pili ni kupima halijoto ya ncha ya pampu ya baiskeli kabla na baada ya kuisukuma huku tundu limezibwa. La tatu ni kupuliza maji yenye rangi juu ya karatasi kwa bomba la dawa jipya ambalo halijawahi kutiwa dawa, kwa nguvu ndogo na kwa nguvu kubwa, kisha kuhesabu na kupima madoa. Jaribio hili lifanywe kwa maji tu. Kupuliza mafuta karibu na moto ni hatari, na mkono usiwekwe kamwe mbele ya nozeli ya dizeli inayopimwa, maana mruko wake hupenya ngozi na jeraha lake huhitaji daktari mara moja.

Injini bora za dizeli katika malori ya leo hugeuza zaidi ya asilimia 40 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, na zile kubwa za meli hukaribia nusu. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo tangu mwaka 1897 imepatikana kwa kulitawanya vizuri zaidi lile tone moja, na kwa kulipatia hewa mahali panapofaa na kwa wakati unaofaa.